Picha za Mtembezi: Mstaafu na Kamera kati ya Njombe na Makambako

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtu aendaye bila haraka, lakini machache kati yao ni ya heshima. Mzururaji ni neno la lawama, na uzururaji umekuwa kosa la kumfikisha mtu mbele ya polisi tangu zama za ukoloni. Mtalii ni mgeni mwenye fedha na siku za kuhesabu. Msafiri ana mahali anapokwenda, na njia kwake ni kizuizi cha kuvukwa. Linabaki neno mtembezi, nalo lina siri yake. Katika mazungumzo ya kila siku, kwenda kutembea si kuzunguka mabarabarani tu. Ni kumwendea mtu, kubisha hodi, kukaa, kunywa kilichopo, kuuliza hali za waliopo na wasiokuwapo, kisha kuaga. Asemaye kwamba jana alikwenda kutembea kwa shangazi yake hakuhesabu hatua wala hakutazama majengo, alimtazama shangazi.

Maana hii, ambayo msemaji wa Kiswahili huibeba bila kuihisi, yafaa iwekwe mbele kabla ya kuhukumu aina ya picha iliyoongezeka sana katika miaka ya karibuni, na ambayo wahakiki wameipita bila kuitolea salamu. Nayo ni picha ipigwayo na mtu aliyemaliza utumishi wake, asiye fundi wa kamera wala mwenye nia ya kuuza, anapotoka nyumbani kwenda mjini na kurudi. Picha hizo kwa kawaida hazitundikwi ukutani wala hazichapwi vitabuni. Hukaa katika simu, hupelekwa kwa watoto walio mbali na katika makundi ya ukoo na ya waliosoma pamoja, hupokewa kwa neno moja la sifa, na baada ya muda hufutwa ili simu ipate nafasi. Swali linalozihusu ni jepesi kulitaja na gumu kulijibu: je, zina thamani ya sanaa, na kama zinayo, thamani hiyo imo katika nini?

Swali hilo lingeweza kuulizwa Unguja Mjini au Mombasa, ambako kila kona imekwisha kupigwa picha mara elfu. Lakini jibu lake huonekana vizuri zaidi mahali ambapo kamera haikuwa na mazoea ya kukaa. Miji ya Njombe na Makambako, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ni mahali pa namna hiyo. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012, na katika sensa ya 2022 watu wake hawakufika milioni moja. Mji wa Njombe wenyewe umekaa kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Msomaji wa visiwani, aliyezoea kikoi na shati jepesi, hana budi aufikirie mji ambao kuanzia Juni hadi Agosti watu huamka wakitoa mvuke kinywani, muuza chai amevaa koti zito na kofia ya sufu, na ukungu hauondoki mabondeni mpaka jua limepanda. Kiasi cha kilomita 60 kaskazini yake iko Makambako, mji wa njia panda, wenye upepo usiochoka. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana na ile ya Njombe na Songea, na hapo pana stesheni ya reli ya TAZARA. Njombe ni mji wa kukaa. Makambako ni mji wa kupita. Mwenyeji wa mmoja huuhitaji mwingine, na katika basi dogo baina ya miji hiyo miwili ndimo yalimo matembezi mengi ya mtu mzima wa huko.

Mtu huyo ni nani? Neno mstaafu limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuomba kusamehewa au kuachiliwa. Mzizi wake ni ule ule uliotupa neno afya. Kwa maana hiyo mstaafu ni mtu aliyeomba aachiwe na akaachiwa. Katika utumishi wa umma wa Tanzania jambo hilo humfika kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Shaaban Robert, aliyeanza kuwa karani wa serikali ya kikoloni mwaka 1926, aliipa sehemu ya pili ya tawasifu yake jina la Baada ya Miaka Hamsini, kana kwamba umri huo ni mlango ambao mtu huuvuka ili ageuke na kutazama. Lakini mstaafu wa Njombe hapewi nafasi ya kutazama kwa raha. Ana shamba la viazi mviringo au miche ya parachichi, ana wajukuu aliowachiwa kulea, ana mazishi ya kuhudhuria na vikao vya kanisa au msikiti, ana malipo ya pensheni ya kufuatilia. Tangu 2018, mifuko kadhaa ilipounganishwa kuwa PSSSF, na mabishano ya kikokotoo yakafuata, hesabu ya kiinua mgongo imekuwa mazungumzo ya kila meza ya chai.

Kwa hiyo matembezi yake ni matembezi yenye kazi. Hutoka kwenda benki, kununua dawa, kupeleka mzigo stendi, kumpokea mgeni. Picha huja njiani, kama salamu ijavyo njiani. Hapa ndipo anapotofautiana na yule mtembezi wa mijini aliyesifiwa na waandishi wa Ufaransa wa karne ya 19, aliyeizunguka Paris akijificha katika umati, akiona bila kuonekana. Mstaafu wa Njombe hawezi kujificha. Akivuka barabara ameshasalimiwa mara tatu. Aliyekuwa mwalimu hukuta kwamba kijana wa bodaboda ni mwanafunzi wake wa zamani. Aliyekuwa muuguzi hukutana na mama aliyemzalisha. Uhuru wa kutoonekana, ambao nadharia ya ugenini iliuhesabu kuwa sharti la kuona, yeye hanao; na lazima iulizwe kama kweli ni sharti.

Ili kulipima jambo hilo, historia ya kamera katika nyanda hizo inafaa ikumbukwe kwa ufupi. Waliozipiga picha mwanzoni walikuwa watu wa kupita, au watu waliokuja na shabaha yao. Mjerumani Walther Dobbertin alizunguka na kamera katika koloni la Kijerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita hiyo, na picha zake ndizo zilizobaki kuwa uso wa zama zile. Wamisionari wa Berlin, walioingia nyanda za juu za kusini mwanzoni mwa miaka ya 1890, walituma kwao picha za makanisa na wabatizwa. Kisha ikaja reli. TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, kazi ikaanza 1970 na reli ikakabidhiwa 1976. Na kipande kati ya Mlimba na Makambako, kinachopanda kutoka bonde la Kilombero, kilikuwa kigumu kuliko vyote kwa wingi wa madaraja na mahandaki yake. Picha za ujenzi huo zilisambazwa mbali: wafanyakazi wa mataifa mawili bega kwa bega, chuma juu ya korongo, tabasamu la ushindi. Mwisho wakaja wapenda maua, kwa sababu ya Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu.

Picha hizo zote zina haki ya kuwapo, na baadhi yake ni kazi za ufundi mkubwa. Lakini kila moja ilipigwa na mtu aliyejua tayari anatafuta nini: askari, mwongofu, shujaa wa kazi, ua adimu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuja kutembea kwa maana ile ya Kiswahili.

Upande wa pwani na visiwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine, kwa sababu studio ilitangulia. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Huko Lamu, Omar Said Bakor (1932–1993), aliyejifunza kazi mwenyewe, alikuwa akiunganisha picha mbili au tatu zikawa moja, akampa mteja ndoto yake juu ya karatasi. Katika studio mtu alikwenda kwa miguu yake, amevaa nguo aliyoichagua, akakaa pozi alilolitaka, akalipa, akasubiri picha isafishwe, akaondoka nayo mkononi. Hapakuwa na wizi. Aliyepigwa alikuwa ndiye mwenye picha. Adabu hii ya studio ndiyo urithi ambao simu imeupoteza. Simu imempa kila mtu kamera, lakini imemwondolea aliyepigwa haki ya kurudi nyumbani na picha yake.

Sasa yaje makosa, maana mhakiki anayesifu tu humdharau anayemsifu. Kosa la kwanza la picha za wastaafu ni kuiga kadi za posta. Mtu aliyeishi Njombe miaka 30 akishika kamera hutokea akaitazama nchi yake kwa jicho la mgeni wa siku mbili. Chukua mfano wa picha ya shamba la chai la Kibena au Luponde wakati wa alfajiri: mistari ya kijani ikipanda kilima, ukungu, jua likichungulia. Ni picha nzuri, na imekwisha kupigwa. Kinachokosekana ndani yake ni mchumaji. Ameondolewa kwa kusubiriwa apite, ili mandhari ibaki safi, na kwa kuondolewa kwake picha imepoteza sababu ya shamba kuwapo. Hali ni hiyo hiyo kwa picha za maporomoko ya Luhuji, karibu kabisa na mji, ambapo maji hukatwa kwa ustadi ili paa za mabati zisionekane. Uzuri unaopatikana kwa kufuta majirani ni uzuri wa kuazima.

Kosa la pili ni rangi. Programu za simu humpa mtu uwezo wa kuongeza wekundu wa udongo na ubuluu wa mbingu, na udongo wa Njombe ni mwekundu wa kutosha bila kusaidiwa. Kosa la tatu ni methali. Picha haijatulia bado imeshapachikwa usemi wa hekima chini yake, kama shairi changa lililomalizikia kwa nasaha kwa sababu mtunzi hakuamini kwamba beti zake zimesema. Picha ya mzee amekaa peke yake kwenye benchi la stendi haihitaji kuandikiwa kwamba dunia ni mapito. Ama dunia ni mapito katika picha, au haimo.

Makosa haya matatu ni ya kujifunza, na yanaondoka kwa kujifunza. La nne ni zito zaidi, nalo ni picha isiyopigiwa hodi. Kitenzi chetu hupiga vitu vingi: hupiga simu, hupiga pasi, hupiga mbio, hupiga hodi, hupiga picha. Katika kupiga picha limebaki jambo la kofi ndani yake, na aliyepigwa bila kujua huhisi hivyo hasa. Njombe ina sababu yake ya pekee ya kulijali hili. Mwanzoni mwa 2019 habari za kuuawa kwa watoto katika mkoa huo zilitangazwa duniani kote, na hofu ikawaingia wazazi kwa namna isiyosahaulika upesi. Katika mji uliopitiwa na msiba kama huo, mtu mzima anayeelekeza kamera kwa watoto watokao shule, hata awe na nia njema kiasi gani, hafanyi sanaa, anafufua hofu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeyaleta mambo ya namna hii katika vitabu vya sheria. Lakini hodi ni ya zamani kuliko sheria, na asiyeijua haifundishwi na mahakama.

Ajabu ni kwamba hapo hapo, penye hatari, ndipo mstaafu anapomshinda fundi. Fundi atokaye Dar es Salaam kwa kazi ya siku moja hana muda wa kubisha hodi. Huiba, au hulipa. Mstaafu amekwisha kubisha kwa miaka 30 ya utumishi wake. Mazungumzo ya namna hii ni ya kawaida katika mitaa ya Makambako:

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Naomba nikupige picha na pikipiki yako.”

“Nipige tu, mwalimu, lakini ngoja kwanza niifute.”

Katika kule kuifuta pikipiki imo picha nzima. Kijana huyo hakushtukizwa wala hakununuliwa; amejitengeneza kama watu walivyokuwa wakijitengeneza mbele ya pazia la studio. Mpiga picha hodari wa mitaani, wa mafundisho ya Ulaya, angelalamika kwamba uhalisia umeharibika kwa kuwa aliyepigwa ameng'amua. Kwa kipimo cha matembezi, uhalisia ndipo umeanza. Hali halisi ya kijana yule mbele ya mwalimu wake wa zamani ni kutaka aonekane amefanikiwa, na picha imeyashika matakwa hayo pamoja na vumbi lililobaki kwenye tairi.

Baada ya hodi ni kukaa, na kukaa katika upigaji picha ni kurudi. Hapa mshairi wa Kiswahili ana neno ambalo fundi wa kamera hana: kibwagizo. Mshororo urudio mwisho wa kila ubeti haubadiliki hata herufi moja, lakini haubaki vilevile, kwa sababu kila ubeti huufikisha ukiwa na uzito mpya. Mtoto husikia marudio. Msikilizaji mzima husikia mabadiliko. Mstaafu anayepita stendi ile ile kila mwisho wa mwezi, akapiga picha ya kibanda kile kile kutoka upande ule ule, anaandika kibwagizo, hata kama hajui. Picha moja ya kibanda cha chai haina la kusema. Picha 12 za mwaka mmoja zinasema habari za bei zilizoandikwa kwa chaki na kufutwa, za bati lililong'olewa na upepo na kurudishwa kwa jiwe juu yake, za mama muuzaji ambaye Machi alikuwa na mtoto mgongoni na Novemba mtoto amesimama. Picha za miaka 10 ni historia ya mji, na hakuna idara iliyoagiza iandikwe.

Mfano wa nguvu ya kurudi unapatikana mbali, na hauharibiki kwa kuwa mbali. André Kertész, mzaliwa wa Budapest, alifanyia kazi majarida ya Marekani kwa miaka mingi bila kupiga alichokitaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliachana na kazi hiyo. Nyumba yake jijini New York ilitazama bustani ya Washington Square, na kutoka dirisha moja alipiga picha za bustani hiyo katika theluji na katika jua mwaka hadi mwaka. Mkewe Elizabeth alipofariki mwaka 1977, mzee huyo, aliyezidi umri wa miaka 80, alichukua kamera ndogo ya Polaroid akapiga picha za vitu vya kioo alivyoviweka dirishani pale pale, kimojawapo kikimkumbusha marehemu. Kitabu chake kikatoka mwaka 1981. Huyo alikuwa fundi mkubwa, na mstaafu wa Njombe si fundi. Lakini kilichozifanya picha zile ziguse si ufundi alioujua tangu ujana. Ni dirisha moja na mtu ambaye hakuwa tena na kwa kukimbilia.

Makambako inafaa sana kwa kazi ya namna hii, kwa sababu ni mji ambao kila mtu huutazama akiwa anaondoka. Abiria wa basi huuona kupitia kioo: mikono ya wachuuzi ikiinua bidhaa dirishani, foleni ya malori, vumbi. Mwenyeji huona mengine. Aliyefanya kazi kwenye reli haioni stesheni kama abiria aionavyo. Anajua taa ipi haiwaki tangu lini, na anajua maana ya jukwaa tupu katika siku ambayo zamani lilijaa. Treni ya abiria ya TAZARA kwa miaka mingi ilipita mara chache tu kwa wiki, na mara nyingi kwa kuchelewa, kwa hiyo kungojea kumekuwa sehemu ya maisha ya stesheni hiyo. Picha ya kungojea haiwezi kupigwa na mwenye haraka. Inafaa pia ikumbukwe kwamba kwa muda mrefu raia walizoea kuona daraja, stesheni na majengo ya serikali kuwa ni vitu visivyoelekezewa kamera. Mstaafu anayeomba ruhusa kwa mkuu wa stesheni na kupiga benchi na mizigo anarudisha mahali pa umma katika macho ya umma, kwa adabu na bila kelele.

Au litazamwe gunia la viazi. Sokoni na kando ya barabara husimama lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonewa nyongeza juu, ambalo serikali imelipiga marufuku mara kwa mara na ambalo hurudi mara kwa mara. Mgeni akilipiga picha huona wingi wa mavuno na kusifu rutuba. Mstaafu mwenye shamba huona debe moja au mawili yanayokwenda bure. Je, tofauti hiyo inaweza kuonekana katika picha? Inaweza, kama mpigaji atasimama upande wa mkulima: akiweka mbele ule mshono wa juu uliovimba, na mikono ya anayeshona, na uso wa anayeangalia akishonewa hasara. Hapo maarifa ya shamba yamekuwa umbo. Huu ndio mtihani wa picha ya mtembezi, nao ni mgumu: aliyonayo moyoni mpigaji hayahesabiwi mpaka yameamua asimame wapi na akate wapi. Wengi hawaufaulu mtihani huo. Hupiga wanalolijua vizuri kwa namna ambayo asiyelijua hawezi kuliona, kisha hueleza kwa maneno. Maelezo ya mdomo hayaiokoi picha, kama yasivyoliokoa shairi.

Yupo atakayesema kwamba yote haya ni kuupa mchezo wa wazee jina kubwa. Kwamba mtu apumzike na simu yake, apige maua na wajukuu, na uhakiki umwache. Kauli hiyo ina huruma, lakini ndani yake mna dharau. Inachukulia kwamba mtu aliyefundisha, aliyeuguza au aliyeongoza treni kwa miongo mitatu hana tena la kupimwa nalo. Kumwambia mtu kwamba picha yake ya chai ya alfajiri ni ya kuiga, na ile ya mshono wa gunia ni yake mwenyewe, ni kumheshimu. Na wengi wa wanaosoma mashairi katika kurasa kama hizi wanajua kwamba ushairi wa Kiswahili haukujengwa na watu wa mshahara wa ushairi. Ulijengwa na mabaharia, wakulima, makarani na walimu waliotunga baada ya kazi, na hakuna aliyewaonea huruma katika mizani na vina.

Linabaki la kuaga. Mtembezi mwema haondoki kimya, na picha njema haiishii kwa aliyeipiga. Hatima ya picha zisizo na mwenyeji inajulikana. Vivian Maier, aliyelea watoto wa watu jijini Chicago kwa miaka mingi, alipiga picha zaidi ya 100,000 bila kuzionyesha. Zilinusurika kwa bahati tu, mwaka 2007, bohari alimohifadhi vitu vyake ilipoviuza kwa mnada kwa kutolipwa kodi, naye akafariki 2009 bila kuujua umaarufu wake. Bahati ya namna hiyo haimfiki kila mtu. Simu ikianguka katika maji ya Ruhuji, au mjukuu akiifuta kwa kutafuta nafasi ya mchezo, hakuna mnada utakaoziokoa picha za mstaafu wa Njombe. Na zikipotea, mji utabaki na picha za waliopita tu: askari, wabatizwa, reli mpya, ua adimu. Watoto watakaouliza stendi ya zamani ilikuwaje watajibiwa na kadi ya posta ya shamba la chai.

Dawa yake si ya gharama kubwa. Kati ya picha 100 zichaguliwe tano, na kuchagua huko ndiko nusu ya sanaa. Hizo tano zichapwe kwenye karatasi katika studio ndogo ambazo bado hupiga picha za paspoti. Nakala moja apewe aliyepigwa, mkononi, kama zamani, kwa sababu ni yake. Nakala nyingine iwekwe mahali ambapo mtu wa ukoo mwingine anaweza kuikuta: shuleni, kanisani au msikitini, maktabani. Na nyuma ya kila moja iandikwe kwa kalamu ya wino jina, mahali, siku, mwezi na mwaka. Katika picha za zamani zilizotunzwa masandukuni mwa Waswahili, mara nyingi upande wa nyuma ndio unaosomwa kwanza: mwandiko wa mtu, tarehe, neno la ukumbusho kwa ndugu aliye mbali. Upande wa mbele humwonyesha mtu. Wa nyuma hueleza alikuwa anamtembelea nani.